Mguu wa Nne

Kuna herufi moja imenishinda tangu Novemba.
Ina tumbo na mkia, na kichwa kinachoinama
kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati.
Kila nikiichora huja imevimbiwa,
au imekonda, imejikunyata, inaona haya.

Gyumri kumeanguka theluji. Mawe meusi ya nyumba za jirani
yamevaa vilemba vyeupe. Jiko linakohoa.
Nami nimeketi mbele ya meza isiyoonekana:
bili za gesi, za Februari na za Februari nyingine,
maganda ya alizeti ndani ya kisahani,
kalamu tatu, mbili kati yake marehemu,
nyaya za simu zilizokumbatiana kama mashangazi msibani,
kopo la vifungo, na komamanga kavu
ambalo Shoghik alilichora macho akiwa na miaka sita.
Sasa Shoghik ana mume na mkopo wa nyumba.

"Shida si herufi, Nvard," alisema Haykanush wa ghorofa ya juu,
aliyeshuka kulalamikia bomba, akabaki kwa kahawa.
"Hata kikombe changu hakina pa kutua."
Akakipakata mpaka kahawa ikapoa.

Akaondoka. Nikaanza.

Sikuanza kwa busara. Nilivikumba vyote kwa mkono
kama mtu anayefuta makombo, nikavibwaga kitandani,
na usiku nikakosa pa kulala.
Ikabidi nikiulize kimoja kimoja: wewe, kwenu wapi?
Bili zikasema, faili. Mali bila daftari, zikaanza,
nikazikatiza kabla hazijamaliza.
Kalamu zilizokufa nikazizika bila hotuba.
Vifungo vikaenda kwa cherehani. Komamanga, dirishani,
lisiache kuangalia barabara.

Kikabaki kimoja. Ufunguo.
Wa shaba, mzito, wenye meno mawili.
Mlango wake ulikuwa ghorofa ya pili, upande wa ua,
mpaka ile Desemba ardhi ilipojigeuza usingizini
ikachukua mlango, na ghorofa, na ua,
na mama yangu aliyekuwa ndani akipiga pasi mashati.
Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.
Nilikuwa nimetoka kununua mkate.

Hauna faili, ufunguo huu.
Niliutia kwenye droo: usiku kucha niliusikia.
Niliutundika ukutani: ukawa kama picha ya mtakatifu,
ukataka mshumaa.
Nikaurudisha mezani, peke yake katikati ya ubao mtupu,
na ubao wote ukawa unautazama.

Asubuhi nikaketi, penseli mkononi. Meza ikayumba.
Nilikuwa nimesahau: mguu wa nne ni mfupi,
na ile bili niliyoikunja chini yake, ya Februari ya zamani,
sasa imelala kwenye faili na wenzake.
Mstari wangu ukaruka kama chura.

Nikautazama mguu. Nikautazama ufunguo.
Niwie radhi, mama, nilisema, nikapiga magoti.
Ukaingia sawasawa, shaba chini ya mti,
kana kwamba fundi aliupima.
Nikaibonyeza meza kona hii, nikaibonyeza kona ile.
Kimya.
Sikulia. Nilichonga penseli.

Sasa hapa juu pana karatasi, taa, na mkono.
Mwanga wa theluji umeingia, umekuta pa kukaa.
Nimeliacha tumbo la herufi wazi kidogo,
kisha kidogo zaidi. Miezi yote hii nilikuwa nachora wino tu;
weupe wa ndani sikuwa nimeuuliza unataka nini.
Kichwa bado hakijakaa vizuri. Kesho.

Jioni Haykanush ameshuka tena; bomba linavuja vilevile.
Ametua kikombe, ameondoa vidole polepole,
amekingoja kimwagike. Hakikumwagika.
"Umeifanyaje hii meza?"
Nikamwambia anywe, kahawa ingali moto.